Kabla ya kutangaza kilonova, ondoa supanova kwanza

Tarehe 25 Aprili 2019 kituo cha LIGO cha Livingston, Louisiana, kilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga lenyewe, ya nyota mbili za nyutroni (masalia mazito mno ya nyota kubwa zilizokufa) zilizokuwa zikizungukana mbio na hatimaye kugongana. Kituo pacha cha Hanford kilikuwa hakifanyi kazi saa hiyo, na Virgo, kilichoko Italia, kiliambulia mnong'ono tu. Kituo kimoja peke yake hakiwezi kusema mawimbi yametokea upande gani, kwa hiyo ramani ya kwanza iliyotumwa kwa wanaastronomia ilifunika zaidi ya digrii za mraba 10,000, karibu robo ya anga zima. Mwezi mpevu huchukua kama sehemu ya tano ya digrii moja ya mraba. Piga hesabu mwenyewe.

Watu wa ZTF, kamera pana iliyofungwa kwenye darubini moja ya Palomar huko California, waliingia kazini mara moja. Katika siku mbili za mwanzo mfumo wao ulimwaga arifa 338,646 za vitu vilivyobadilika mwanga. Wakachuja, wakachuja tena, wakabaki na washukiwa 15. Wawili kati yao, ZTF19aarykkb na ZTF19aarzaod, waliwafanya watu wakose usingizi: walikuwa ndani ya ramani, umbali wao ulilingana na ule uliosomwa kwenye mawimbi, walikuwa wamezuka karibuni, na mwanga wao wa siku za kwanza ulikwenda kama wa kilonova, yaani mwanga wa mabaki ya nyota za nyutroni zilizogongana. Darubini kubwa zikageuzwa. Spektra, yaani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi, zikapatikana. Wote wawili walikuwa supanova changa, nyota kubwa zilizoporomoka zenyewe bila uhusiano wowote na mgongano ule. Na wale 13 waliosalia? Nao waliondolewa.

Mambo huwa hivyo mara nyingi. Tukisikia habari za mawimbi ya mvutano tunadhani ugumu wote uko kwenye kuyanasa. Ugumu huo upo kweli, lakini dakika chache baada ya arifa ya mawimbi huanza kazi nyingine, ya kutafuta mwanga wa tukio lenyewe, na humo saa nyingi za darubini haziliwi na kilonova. Huliwa na supanova, moja baada ya nyingine, zinazopaswa kutambuliwa kwa jina na aina ili ziondolewe njiani. Kwa maoni yangu, ujuzi wa kuainisha supanova ndio uti wa mgongo wa uwindaji huu, hata kama vichwa vya habari haviutaji.

Kwa nini zimejaa hivyo

Nyota za nyutroni zinapogongana, sehemu ndogo ya maada yake hurushwa nje kwa kasi ya kutisha. Ndani ya maada hiyo nyutroni ni tele, na katika muda mfupi viini vya atomi huzimeza na kugeuka elementi nzito kama dhahabu na platinamu. Viini hivyo vipya si imara. Huoza, hutoa joto, na joto hilo ndilo tunaloliona kama kilonova. Mwanga wake ni hafifu kuliko wa supanova na hufifia kwa siku chache, hasa kwenye rangi ya buluu.

Supanova ni jambo jingine kabisa. Ama ni nyota nzito iliyoishiwa nishati na kiini chake kikaporomoka, ama ni kibete cheupe, kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa, kilicholipuka chote. Kuporomoka kwa kiini nako hutoa mawimbi ya mvutano, ila ni hafifu kiasi kwamba vifaa vya leo vingeyasikia tu kama nyota hiyo ingelipukia ndani ya galaksi yetu au kwa jirani wa karibu. Supanova iliyo mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa haiwezi kuwa chanzo cha arifa tuliyoipokea. Ni mpita njia aliyekutwa eneo la tukio.

Tatizo ni kwamba wapita njia hao ni wengi mno. Supanova za kuporomoka kwa kiini hukadiriwa kuwa takriban laki moja kwa mwaka katika kila ujazo wa gigaparseki moja ya mchemraba (mchemraba wenye upande wa miaka ya nuru bilioni 3.3 hivi). Migongano ya nyota za nyutroni katika ujazo uleule ilikadiriwa, baada ya awamu ya tatu ya uchunguzi wa LIGO na Virgo, kuwa kati ya 10 na 1,700. Hata ukishika kadirio la juu kabisa, supanova zinaizidi migongano kwa makumi ya mara. Ukishika la chini, ni mara maelfu. Tena supanova huonekana kwa wiki nyingi, kwa hiyo ukichungulia kipande chochote cha anga utazikuta zile za leo, za juzi na za mwezi uliopita zikiwaka kwa pamoja.

Tukio maarufu la 17 Agosti 2017, GW170817, lilituharibu kidogo. Lilikuwa umbali wa miaka ya nuru milioni 130 tu, vituo vitatu vilishiriki kuliweka kwenye ramani, na eneo la kutafuta lilikuwa kama digrii za mraba 30. Sekunde 1.7 baada ya mgongano setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa miale ya gama. Chini ya saa 11 baadaye darubini ndogo ya Swope, yenye kioo cha mita moja, huko Las Campanas nchini Chile, ikaona nukta mpya ya mwanga pembeni mwa galaksi NGC 4993. Kila kitu kilijipanga. Wengi wetu tukaamini kwamba kuanzia hapo itakuwa hivyo kila mwaka. Haikuwa hivyo: tukio la 2019 lilikuwa mbali mara nne hivi, na ramani yake ilikuwa kubwa mara mamia.

Spektra inasema nini

Picha ya kawaida inakuambia kitu kiko wapi na kinang'aa kiasi gani. Spektra huutawanya mwanga huohuo kwa urefu wa mawimbi yake, kutoka buluu hadi nyekundu, na kuonyesha nguvu ya kila sehemu. Kila elementi hunyonya na kutoa mwanga kwenye urefu wake maalumu. Hidrojeni ina mstari wake mashuhuri kwenye nanomita 656.3, heliamu inao kwenye 587.6, na silikoni iliyopoteza elektroni moja inao kwenye 635.5. Ukiiona mistari hiyo umejua kilicho ndani ya wingu linalopanuka.

Mwaka 1941 Rudolph Minkowski alizipanga supanova 14 alizokuwa na spektra zake. Tisa zilifanana na hazikuwa na hidrojeni. Akaziita aina ya I. Tano zilikuwa nayo. Akaziita aina ya II. Mgawanyo huo wa kizamani bado ndio tunaoutumia, tumeuongezea herufi tu. Aina ya Ia ina bonde refu la silikoni ambalo kwa kawaida huonekana karibu na nanomita 615, kwa kuwa maada yake inatujia. Aina ya Ib haina hidrojeni wala bonde hilo la silikoni, lakini ina heliamu. Aina ya Ic haina hata heliamu ya kuonekana. IIn ina mistari myembamba ya hidrojeni, dalili kwamba mlipuko unagonga gesi iliyomwagwa na nyota kabla haijafa. Halafu iko IIb, ambayo huanza na hidrojeni na baadaye kuipoteza. Hiyo iwekeni akilini, tutairudia.

Tuchukue spektra moja tuisome polepole. Tuseme galaksi mwenyeji ina mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi mwanga ulivyovutwa kuelekea nyekundu) wa 0.085, uliopimwa kwa mistari myembamba ya gesi ya galaksi yenyewe. Maana yake mstari wa hidrojeni wa 656.3 hautakuwa mahali pake; umebebwa na upanuzi wa ulimwengu hadi karibu na nanomita 712. Hatua ya kwanza kwa hiyo ni kugawa kila kipimo kwa 1.085 ili kurudi kwenye vipimo vya nyumbani kwa nyota ile. Baada ya kurudi tunaona kilima kipana chenye kilele karibu na 656, na ubavuni mwake, upande wa buluu, bonde ambalo kina chake kiko kwenye 634.4. Kilima ni gesi inayong'aa pande zote za mlipuko. Bonde ni gesi iliyo mbele yetu, inayotujia huku ikikata mwanga unaotoka nyuma yake. Tofauti kati ya 656.3 na 634.4 ni nanomita 21.9, yaani asilimia 3.3 ya urefu wa awali, na asilimia 3.3 ya kasi ya mwanga ni kama kilomita 10,000 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kawaida kabisa kwa supanova. Kwa dakika chache tumejua kuna hidrojeni, tumejua kasi, tumejua umbali. Ni supanova ya aina ya II, na mshukiwa huyu anaweza kwenda zake.

Kilonova haisomeki hivyo. Kwenye ile ya 2017, iliyopewa jina AT2017gfo, spektra za kwanza zilipatikana kwa darubini za Magellan chini ya saa 12 baada ya mgongano. Zilikuwa laini, za buluu, bila bonde wala kilima. Joto lake lilishuka kutoka kelvini 11,000 hadi 9,300 katika muda wa saa moja hivi ya kuliangalia. Narudia: saa moja. Kasi ya uso wake ilikuwa karibu asilimia 30 ya kasi ya mwanga. Maada ikikimbia namna hiyo, kila mstari hutandazwa juu ya zaidi ya nanomita mia moja na kumezana na jirani zake, na elementi nzito zenyewe zina mistari kwa mamilioni, mingi haijapimwa vizuri maabara. Kinachobaki ni mawimbi mapana yasiyo na jina. Ilichukua hadi 2019 kwa kundi la Darach Watson kuonyesha kwamba bonde pana lililokaa karibu na nanomita 810 kwenye spektra za siku za mwanzo ni la strontiamu, ambayo mistari yake ya asili iko mbali upande wa infraredi, zaidi ya 1,000.

Kwa hiyo anayetafuta kilonova kwa spektra hatafuti alama fulani anayoijua. Anatafuta kitu ambacho kila alama anayoijua imekosekana, na ambacho kinapoa mbio. Ndiyo maana lazima kwanza uwe hodari wa supanova. Huwezi kusema "hii si mojawapo ya zile" bila kuzijua zile zote, katika kila umri, na katika kila hali ya spektra mbovu.

Mtego wa ujana

Kama supanova zote zingekutwa zimekomaa, kazi ingekuwa rahisi. Ia iliyofika kileleni hutambulika hata kwenye spektra yenye kelele, tena umri wake pekee unatosha kuifutilia mbali: Ia hufika kileleni kama siku 18 baada ya kulipuka, basi ukiikuta kileleni siku mbili baada ya arifa ujue ililipuka zaidi ya wiki mbili kabla nyota za nyutroni hazijagongana. Kesi imekwisha, hata hesabu ya umbali huhitaji.

Ugumu uko kwa zile changa. Nyota kubwa inapolipuka, wimbi la mshtuko huipasha moto hadi kelvini makumi elfu. Kwenye joto hilo atomi zimepoteza elektroni zake nyingi, mistari inakuwa hafifu, na unachokiona ni mteremko wa buluu usio na alama. Ule ule wa kilonova ya siku ya kwanza. Spektra mbili, moja ya supanova ya siku mbili na nyingine ya kilonova ya nusu siku, zikiwekwa pamoja na kelele ya usiku wenye mawingu mepesi, zinaweza kumshinda hata mzoefu.

Kinachozitenganisha hapo ni muda. Supanova ya II itaendelea kuwa ya buluu kwa siku kadhaa na kupoa taratibu. Kilonova ya 2017 ilikuwa imeshuka hadi karibu kelvini 5,000 siku moja na nusu baada ya mgongano. Kwa hiyo spektra laini ya buluu haipaswi kutolewa hukumu. Inapaswa kurudiwa kesho yake. Hapa ndipo naona haraka ya watu inaponza: ujumbe wa kwanza unasema "spektra ya buluu isiyo na alama, inalingana na kilonova", na ni kweli tupu, ila inalingana na nusu ya vitu vingine vyote vichanga angani pia.

IIb ni mbaya zaidi, kwa sababu hata mwenendo wa mwanga wake hudanganya. Nyota inayozaa IIb imenyang'anywa karibu ganda lake lote la hidrojeni, mara nyingi na nyota mwenzake, ikabaki na utando mwepesi uliotanuka sana. Wimbi la mshtuko linapoupitia, utando huo huwaka kwa nguvu, kisha kwa kuwa una maada kidogo hupoa na kufifia ndani ya siku chache, huku rangi yake ikigeuka kutoka buluu kwenda nyekundu. Mwanga unaofifia haraka na kuwa mwekundu ni maelezo yaleyale ya kilonova. Ni baada ya hapo tu nikeli-56 iliyotengenezwa ndani, yenye nusu uhai wa siku 6, huanza kuusukuma mwanga juu tena, na kilele cha pili kikaja. SN 1993J, iliyolipuka katika galaksi M81 mwezi Machi 1993, ilifanya hivyo mbele ya macho ya dunia nzima: ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na mistari yake ya hidrojeni ikapisha ile ya heliamu. Kwa siku zile za kushuka kwa mara ya kwanza, mtu asiye na spektra hana njia ya uhakika ya kuitofautisha na kile anachokitafuta.

Ic yenye mistari mipana nayo ina hila zake. Kasi yake hufika kilomita 20,000 hadi 30,000 kwa sekunde, mistari hutandazika, hidrojeni hakuna, heliamu hakuna. Tena SN 1998bw, mfano wake mkuu, ilikuja pamoja na mmweko wa miale ya gama. Lakini hii haizimiki kwa siku tatu. Ukiwa na subira inajifichua yenyewe.

Nje ya supanova kuna wasumbufu wengine: vibete vyeupe vya galaksi yetu vinavyomeza gesi ya jirani, miale ya vinyota vyekundu, viini vya galaksi vinavyopepesa. Hawa spektra huwamaliza upesi. Mistari ya hidrojeni ikikaa palepale 656.3 bila mhamo wowote, kitu hicho ni cha hapahapa kwetu.

Kazi yenyewe ya usiku

Ramani inayokuja na arifa ina umbali pia, kwa kuwa nguvu ya mawimbi huashiria chanzo kiko mbali kiasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mshukiwa yeyote huwa ni la galaksi yake. Kama mhamo mwekundu unaiweka mbali mara tatu ya kile ramani inachokiruhusu, hakuna haja ya kubishana kuhusu aina. Mara nyingi mistari ya galaksi huonekana kwenye spektra ileile, kwa hiyo majibu mawili hupatikana kwa mpigo mmoja.

Kisha huja ulinganishaji. Programu kama SNID, ya Stéphane Blondin na John Tonry, huichukua spektra mpya na kuipitisha juu ya maktaba ya spektra za supanova zinazojulikana, za aina na umri mbalimbali, ikitafuta inayolala vizuri zaidi na kwa mhamo mwekundu upi. Inasaidia sana. Pia inaweza kukudanganya ukiiachia usukani, maana programu itakupa jibu tu, hata ukiilisha kelele. Kuna tabia nzuri ya wakongwe: wanaangalia ulinganifu wa kwanza, kisha wa tano, kisha wa kumi. Kama yote kumi yanasema Ia karibu na kilele, lala usingizi. Kama la kwanza linasema Ic, la tatu linasema IIb na la sita linasema Ia yenye siku 40, huna jibu bado.

Makosa mengi hutokea sehemu mbili. Moja ni mwanga wa galaksi. Mshukiwa akiwa karibu na kitovu chake, nusu ya fotoni zinazoingia kwenye ufa wa kifaa si zake, na mchanganyiko huo hufukia mabonde na kuyafanya yaonekane mafupi. Mistari ya gesi ya galaksi nayo hukaa juu ya hidrojeni ya supanova, ikamfanya mtu aone IIn pasipo na IIn. Ya pili ni hewa yetu wenyewe: oksijeni ya angahewa huchonga bonde kali karibu na nanomita 760, na asiyelisafisha anaweza kulipa jina la elementi fulani ya mbali.

Si lazima spektra iwe nzuri sana. Palomar kuna kifaa kiitwacho SEDM, kwenye darubini ya mita 1.5, ambacho hutawanya mwanga kwa uwezo mdogo wa kutenganisha rangi, takriban 100 tu. Mistari myembamba haionekani kabisa. Lakini supanova zina mabonde mapana, na kwa kuziondoa supanova hizo kifaa duni kinachofanya kazi usiku kucha bila kusubiri mtu ni bora kuliko darubini ya mita nane ambayo nafasi yake utaipata kesho kutwa. Kubwa ziachiwe wale washukiwa wawili watatu waliobaki.

Majibu hayafungiwi kabatini. Hutumwa kama ujumbe mfupi kwenye mtandao wa GCN, ambao wanaofuatilia arifa wote husoma, na kuandikishwa kwenye rejista ya kimataifa ya majina, TNS. Humo kila kitu kipya huanza na herufi AT, na kikithibitishwa kwa spektra kuwa supanova hubadilishwa kuwa SN. Herufi mbili hizo zina thamani kubwa usiku wa ufuatiliaji: mtu aliyeko upande wa pili wa dunia, akisubiri jua lizame, akiona AT imegeuka SN anamfuta mshukiwa huyo kwenye orodha yake na kuokoa saa nzima. Kwangu mimi ujumbe wa mistari minne unaosema "hii ni Ia, imekwisha pita kilele" una uzito wa ugunduzi, ingawa hautampa mwandishi wake sifa yoyote.

Mshukiwa aliyegoma kuondoka

Hadi hapa nimeandika kana kwamba hidrojeni ikionekana mjadala umefungwa. Agosti 2025 ikaleta kesi ya kuudhi.

Tarehe 18 mwezi huo vituo vilitoa arifa S250818k. Ishara ilikuwa dhaifu, chini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa cha uhakika, lakini ilikuwa na jambo la ajabu: angalau kimoja kati ya vitu viwili vilivyogongana kilionekana kuwa na uzito chini ya wa Jua. Nyota za nyutroni tunazozijua ni nzito kuliko hivyo. ZTF ikatafuta ndani ya ramani na kukuta kitu chekundu kinachofifia haraka, umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 hivi. Kikaitwa AT2025ulz. Kwa siku tatu hivi za mwanzo kilikwenda kama kilonova ya 2017, na darubini za dunia zikakikimbilia.

Halafu kikaanza kung'aa upya. Rangi ikarudi kwenye buluu. Spektra zikaonyesha hidrojeni. Supanova ya IIb, na kile kilichoonekana mwanzo kikaeleweka kirahisi kuwa ni ule utando kupoa. Wengi wakafunga faili na kuondoka, na kwa kanuni zote nilizoeleza hapo juu walikuwa na haki.

Kundi la Mansi Kasliwal wa Caltech halikuondoka. Mwishoni mwa 2025 wakaandika kwamba huenda vyote viwili ni kweli. Kuna wazo la kinadharia, ambalo Brian Metzger wa Chuo Kikuu cha Columbia ni mmoja wa watetezi wake, kwamba nyota kubwa inayozunguka kwa kasi mno ikiporomoka, kiini au diski inayokizunguka inaweza kugawanyika na kuzaa nyota mbili ndogo za nyutroni, nyepesi kuliko kawaida, ambazo hugongana palepale ndani ya mlipuko. Ungepata supanova nje, kilonova ndani, na mawimbi ya mvutano yenye uzito mdogo ajabu. Wakaliita superkilonova. Wao wenyewe hawadai kuwa wamethibitisha, na makundi mengine yaliyokifuatilia kitu hichohicho yanaona IIb ya kawaida iliyokuwa mahali pabaya kwa wakati mbaya.

Mimi naegemea upande wa hao wa pili. Ishara ya mawimbi ni dhaifu, IIb zipo kila mahali, na tumeona jinsi siku zake za kwanza zinavyoghilibu. Anayesema vimeungana ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Lakini kesi hii imeacha swali ambalo uainishaji wa kawaida haukuandaliwa kulijibu. Utaratibu wetu wote unadhania kuwa supanova na kilonova ni milango miwili, ukifungua huu ule umefungwa. Kama kuna uwezekano hata mdogo kwamba moja inaweza kukaa ndani ya nyingine, basi baadhi ya wale tuliowafuta kwa furaha siku ya tatu walistahili spektra ya infraredi ya wiki ya pili au ya tatu, ambako elementi nzito zingejitokeza kama zipo. Karibu wote hawakuipata. Mara AT ilipogeuka SN, hakuna aliyeomba tena muda wa darubini.

Na muda huo unazidi kuwa haba. Kituo cha Vera C. Rubin kwenye mlima Cerro Pachón, Chile, chenye kioo cha mita 8.4, kilichoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, kimejengwa kutoa arifa hadi milioni 10 kwa usiku. Vitakavyopatikana vitakuwa hafifu zaidi, na spektra ya kitu hafifu hula saa nzima au zaidi ya darubini kubwa. Hata leo ni sehemu ndogo tu ya vitu vipya vinavyoandikishwa ambayo hupata spektra. Wengine watapangwa kwa mwenendo wa mwanga na rangi peke yake, na kompyuta itasema "uwezekano wa IIb ni mkubwa". Kwa orodha ya takwimu hilo linatosha. Kwa mshukiwa aliye ndani ya ramani ya arifa halitoshi, kwa sababu ndizo IIb hasa zinazofanana na kilonova pale rangi na mwanga vinapokuwa ushahidi pekee ulionao.